Kopo la Popi

Siku hizi chakula kinachopimwa ubora ni cha mbwa na paka tu. Cha watu, kila mtu na tumbo lake: unga una sumukuvu, na hakuna wa kumuuliza. Ndiyo maana Eliwaza alirudishia mlango kabla ya kufungua kopo la Popi, mbwa wao, lenye nyama halisi na muhuri wa serikali. Aliikaanga kwa kitunguu, akawapakulia mumewe na watoto, akabakiza kidogo kwenye sahani ya bati, fungu la Popi mwenyewe.

"Hodi!"

Mlango ukafunguka. Alikuwa Mshana, mkaguzi wa mbwa, mizani mkononi.

"Karibu tule," Eliwaza akasema, kama alivyozoea tangu utotoni. Neno lilishatoka. Mumewe akabaki na tonge mkononi, maana kula chakula cha mnyama ni kifungo.

Mshana akalitazama kopo tupu. Kisha akaweka mizani chini, akanawa, akakaa. Eliwaza akamsogezea sahani ya bati. Nyingine hakuwa nayo. Mgeni akala.

"Mnafaidi nyie wenye mbwa," alisema mwishoni. "Sisi kwetu tuna paka tu."

Mlangoni alimkuta Popi amelala, mbavu zinahesabika. Hakumpima. Aliandika "mzima", akainama kumpapasa kichwa.

"Shemeji, huyu mlisheni. Akifa huyu, kopo hamlioni tena."

Eliwaza akaitazama sahani ya bati. Mgeni alikuwa ameifuta kwa kidole mpaka ikang'aa.