Uzio wa Saba

Ingalill alikuwa juu ya uzio wa pili, maua mawili mkononi, mguu mmoja huku na mwingine kule, majani ya kuwasha yakimchoma mapajani. Ng'ombe wanne walisimama wakimkodolea macho kama watu waliosikia tusi kanisani.

Ndipo Sixten, fundi anayejenga nyua za kijiji kizima, alipomfikia akihema.

"Nimetumwa na wenzio," alisema. "Eti nikusemeshe."

Ingalill alifumba mdomo, akamwonyesha maua yake mawili. Sheria kila mtu kijijini Björkby anaijua: katika sikukuu ya katikati ya kiangazi, mwanamke asiye na mume huchuma maua saba ya aina saba, huruka uzio mara saba, na hasemi neno. Akiyalalia, humwota atakayemwoa. Akitamka hata "aa" njiani, basi tena, atalalia majani tu.

Na mwaka huu haukuwa mchezo. Ingalill alikuwa na miaka thelathini na minne, na barua ya kazi kutoka jiji la mbali la Göteborg. Alishatangaza mezani, mbele ya samaki wa siki na viazi vipya: asipoota mtu, Jumatatu anapanda treni, na nyumba ya marehemu mama yake inauzwa.

Kule uwanjani fidla zilikuwa zimepamba moto. Watu wazima na heshima zao walikuwa wanarukaruka kama vyura kuuzunguka mlingoti wa maua, mchungaji akiwa mbele. Saa nne ya usiku, na jua la kaskazini halina habari ya kuzama! Ilikuwa raha tupu. Ingalill aliruka uzio wa tatu akijiuma midomo asicheke.

"Ingalill, nyuki kwenye nywele!" Sixten alipiga kelele nyuma yake.

Kimya.

"Mchungaji amepasua suruali!"

Mabega yalimtikisika, lakini kimya.

Sixten alikuwa anajishangaa mwenyewe. Kwa miaka kumi na mmoja, mbele ya mwanamke huyu, hajawahi kuvuka "habari za asubuhi". Kumbe dawa ilikuwa hii: asiyeruhusiwa kusema hawezi kukukataa. Walipouvuka wa nne utani ulimwishia, ila mdomo ulikataa kusimama.

"Mwaka jana ulianguka kwenye huu wa tano, ukapiga ukelele," alisema. "Nilikuhurumia, halafu nikafurahi. Nilifurahi kwamba hutamwota mtu. Nisamehe."

Ingalill alichuma ua la tano.

"Basi majira ya kuchipua nikaushusha ubao wa juu, kila mahali unapopita. Wenye kondoo wamelalamika. Nikawaambia kondoo wenu wanene, wataruka wapi?"

Uzio wa sita Ingalill aliuruka taratibu mno. Kisha akazunguka kichaka kizima kutafuta ua lililokuwa miguuni pake.

Kwenye wa saba Sixten alivua kofia.

"Huu ukiuvuka unakwenda kulala, kwa hiyo nasema. Nimekupenda tangu siku ile nilipokuja kutengeneza lango la mama yako. Nililitengeneza mara tatu, na wala halikuwa bovu. Usiende Göteborg, Ingalill. Basi, nimemaliza. Kesho sitaweza hata kukutazama. Nenda kamwote mtu wako, nakuombea heri."

Aligeuka, kofia mkononi, akaanza kurudi kwenye fidla.

"Sixten."

Alishtuka, uso ukamwiva. "Umesema! Maua yote umeyaharibu, na ulibakiza uzio mmoja tu!"

Ingalill alimtupia maua yote kifuani.

"Yaliharibika kule kwenye uzio wa pili, majani yaliponiwasha nikatukana. Waulize ng'ombe. Kuanzia pale nimekuwa naruka tu ili usinyamaze."