Sahani Moja kwa Siku Arobaini

Bangili ya shule, iliyovaliwa na kila mwanafunzi, iliwaka nyekundu kila chuki ilipochemka kifuani mwa mtu aliye karibu. Mwanafunzi ambaye bangili yake iliwaka alikuwa na kazi moja tu: kumwendea mwenye chuki, kumimina chakula chake kwenye sahani ya mwenzake, na kula naye hivyo siku arobaini. Tangu bangili zije, hakuna mtoto aliyepigwa shuleni kwa ajili ya kabila lake. Zamda alijivunia bintiye Mwajabu, na kila asubuhi alimfungia wali wa kutosha wawili.

Jioni moja walikuwa mkekani wakila.

“Wale waliohamishwa na bahari iliyomeza kijiji chao wamepewa nyumba ya jirani,” Zamda alisema huku akijipakulia mchuzi. “Usiwazoee. Wale si watu.”

Mwajabu akavuta mkono wa gauni kufunika bangili, lakini mwanga mwekundu ukapenya kitambaa. Akainua sahani yake, akamimina wali wote kwenye ya mama yake, kisha akasogea mpaka magoti yao yakagusana.

“We Mwajabu! Mimi ni mama yako!”

“Najua, mama.”

Tonge likamganda Zamda mkononi.

“Kula, mama,” binti alisema kwa upole. “Leo ni siku ya kwanza.”