Kuitafunia Mashine

Bi Tatu, ambaye ni kiziwi, alisimama mbele ya kamera ya mashine ya kutafsiri lugha ya ishara, akasema kwa mikono, kwa majaribio, taratibu, ishara moja moja: "Kifua kinaniuma tangu jana." Maneno yakatokea kwenye kioo cha mashine bila kosa hata moja. Haruni, aliyeiunda mashine hiyo, akapiga makofi. Nje, gari la hospitali lilikuwa likiisubiri mashine, liipeleke ikaanze kazi kwa wagonjwa.

Mara akaingia dada yake Bi Tatu, naye kiziwi, amejikunja, mkono mmoja umeshika tumbo. Mkono uliobaki ukaenda mbio, nyusi zikipanda na kushuka, mashavu yakijaa pumzi. Bi Tatu alimwelewa papo hapo. Mashine ikaandika: "Tafadhali rudia polepole." Ikaandika tena vivyo hivyo.

"Mbona wewe inakuelewa, mama?" Haruni akamuuliza Bi Tatu kwa ishara.

"Mimi naitafunia kwanza, mwanangu, kama mtoto ambaye hajaota meno," akajibu, kisha akamshika dada yake begani.

Dereva akapiga honi. Aliyeisikia ni Haruni peke yake, naye macho yake yalikuwa kwenye ule mkono wa dada, ambao bado ulikuwa unalia.