Mabutu ya Siku ya Kupimwa

Mwatime alimsuka bintiye Sijaona mabutu manne ya uzi yakasimama wima, maana leo kliniki wanapima urefu.

"Mama Sijaona, hiyo mbona minara?" wenzake kwenye foleni wakamtania. Akacheka nao. Mtoto wa miaka minne, mashavu yamejaa, nani angesema hashibi?

Kwenye mizani mambo yalikwenda vizuri. Kwenye ubao wa urefu, Sista Flaviana aliteremsha kibao cha juu, kikagota kwenye mabutu.

"Fumua, mama."

"Sista, nimesuka tangu alfajiri!"

"Umesuka vizuri. Ila nikipima nywele, unga wa lishe nitazipa nywele."

Mwatime alijua unga ule hupewa watoto waliodumaa tu. Akifumua, mtaa mzima utajua mwanawe kadumaa. Asipofumua, watarudi kwenye ugali na chumvi.

Mwatime akavuta uzi wa kwanza, kisha wa pili, mpaka yote manne yakalala. Kibao kikaanza kushuka tena. Sijaona alipokiona kinamfuata, akajinyanyua kwa ncha za vidole, shingo kainyoosha, kabana pumzi.

Mwatime akapiga magoti, akavishika visigino vile vidogo, akavirudisha chini taratibu.