Mwana wa Nchi

Bomba la nyumbani kwa Bi Nyamizi lilikuwa halitoi maji mpaka lisikie sauti. Kila asubuhi, kama wenzake wote wa mtaa ule wa Tabora, alilisogelea na kusema, “Mimi ni mteja,” nalo likafunguka. Neno mwananchi lilikuwa limefutwa hata kwenye vitabu vya shule.

Siku bintiye, Shija, alipojifungua, bomba lilisikia kilio cha mtoto, likauliza kwa upole, “Huyu mgeni ni nani?”

Bi Nyamizi alirudisha nyuma beseni alilokuwa amelikinga.

“Mama, sema tu ni mteja,” Shija akamsihi. “Mtoto hajaogeshwa. Neno haliumi.”

“Hili linauma, mwanangu. Mteja akifungiwa duka huenda duka jingine. Mwananchi ni mwana wa nchi. Nchi ikimfungia, aende wapi?”

Akaligeukia bomba. “Huyu ni mwananchi.”

Halikutoa hata tone. Likamuuliza mzazi mwenyewe. Shija alimtazama mama yake, kisha mwanawe, machozi yakimlengalenga.

“Mama amesema kweli,” akajibu. “Ni mwananchi.”

Punde wakasikia ndoo zikigongana huko nje. Mabomba ya mtaa mzima yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya neno lile. Majirani walitoka mmoja mmoja, wakasimama barabarani, wakiitazama nyumba ile.

Bi Nyamizi hakujua wangempokeaje. Akamfunika mjukuu wake khanga, akampakata vizuri, akafungua mlango na kuwaendea.