Upawa Wenye Uzi wa Kijani

Mwaka mzima Bi Sikudhani, mpishi wa shule, alimwondolea Hetal vipande vya nyama kwenye maharage, akidhani tatizo limekwisha. Hetal, ambaye kwao dini hairuhusu hata mchuzi wa nyama, alishukuru, akayaacha maharage, akala wali mkavu.

Leo mpishi, aliyekwisha kujua kwa nini maharage hubaki sahanini, alimpungia mkono kabla foleni haijasogea. Kando ya sufuria kubwa palikuwa na kisufuria kipya cha maharage na upawa uliofungwa uzi wa kijani.

"Huu haujagusa nyama, mwanangu. Wala hautagusa."

Hetal alinyoosha sahani kwa mikono miwili. Mchuzi ukamrukia kidoleni, akaulamba, akacheka.

"Bi, na mimi nataka hayo," mwenzake akasema kutoka nyuma yake.

Foleni nzima ikapinda kuelekea kisufuria. Bi Sikudhani akamkabidhi Hetal upawa, awapakulie wenzake.