Kucha Fupi za Bibi Harusi

Fundi wa kucha alikuwa anapunguza kitako cha kucha ya bandia, sehemu ile ya kubandikia, ili kikalie nusu tu ya kucha fupi ya bibi harusi, shangazi mtu alipodakia.

“Usipunguze! Funika yote. Wakwe wakiviona vidole hivi watasema tumewapa kijakazi.”

Bibi harusi akainamisha kichwa. Kucha zake zilikuwa zimelika mpaka kwenye nyama kwa kusugua masufuria.

Fundi damu ikamchemka. “Masufuria ya nani?”

“Yangu! Si mimi niliyemlea?”

“Basi lete na wewe mkono, shangazi.”

Fundi akaulaza kando ya mkono wa bibi harusi. Wa shangazi ulikuwa laini kama wa mtoto, kucha ndefu, zake mwenyewe.

Bibi harusi akaitazama mikono ile miwili, kisha akaifunga chupa ya gundi ya kubandikia kucha.

“Acha waone,” akasema.